Samaki wa alfajiri: nini hasa kiliuzwa kwenye Margin Call

Shemeji yangu si mtu wa filamu za maneno. Akikaa mbele ya runinga anataka magari yagongane. Lakini usiku ule tuliitazama Margin Call mpaka mwisho, na majina ya waigizaji yalipoanza kupanda akanigeukia: "Sasa hawa kosa lao ni lipi? Si wameuza mali yao?"

Nilifungua mdomo kumjibu nikaanza kubabaika. Nilijua wamefanya jambo baya, ila kulieleza bila kujificha nyuma ya misamiati ya kibenki sikuweza. Hapa najaribu tena, kwa utulivu.

Kwa ambaye hajaiona, hadithi ni hii. Tuko New York, kwenye benki ya uwekezaji isiyotajwa jina, kabla tu ya kishindo cha mgogoro wa fedha wa 2008. Mambo yote yanatokea ndani ya saa kama 36. Mchana watu wanaachishwa kazi kwa makundi. Mmojawao ni Eric Dale, anayeigizwa na Stanley Tucci, bosi wa kitengo cha kupima hatari. Anasindikizwa na mlinzi hadi kwenye lifti akiwa na boksi la vitu vyake, na kabla mlango haujafunga anamkabidhi kijana wake, Peter Sullivan, flashi, na kumwambia awe mwangalifu. Wenzake wakienda kulewa, Peter anabaki kuimalizia hesabu ya bosi wake. Anachokiona kwenye skrini kinamfanya awapigie simu warudi ofisini. Kuanzia hapo mabosi wanaamshwa mmoja baada ya mwingine, kila aliye juu akiwa anaelewa hesabu kidogo kuliko aliye chini yake, hadi mwenyekiti mwenyewe, John Tuld, yaani Jeremy Irons, anatua juu ya paa kwa helikopta usiku wa manane. Uamuzi unatoka: soko likifunguliwa asubuhi, uzeni kila kitu.

Aliyeiandika na kuiongoza ni J.C. Chandor, na ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Ilipigwa kwa siku 17 na kwa bajeti ya dola milioni 3.5 hivi, ambayo kwa Hollywood ni nauli. Sehemu kubwa ilirekodiwa ghorofa ya 42 ya jengo la One Penn Plaza, kwenye ofisi ambayo kampuni ya biashara ya hisa ilikuwa imetoka kuihama. Baba yake Chandor alifanya kazi Merrill Lynch, benki ya uwekezaji ya Wall Street, kwa karibu miaka 40. Nadhani ndiyo maana watu wa filamu hii wanaongea kama watu wa ofisini kweli: hakuna anayesimama kumweleza mtazamaji chochote. Na hapo ndipo shemeji yangu alipopotelea.

Tuanze na jina. Nenda Feri, Dar es Salaam, alfajiri, samaki wanaponadiwa. Chukulia mchuuzi mmoja ana shilingi 30,000 zake mfukoni. Anakopa 970,000 na kununua samaki wa 1,000,000. Mkopeshaji hana wasiwasi, kwa sababu samaki wenyewe ndio rehani. Lakini ameweka masharti mawili. La kwanza, mkopo ni wa siku moja. Kila jioni wakae upya waamue kama unaendelea. La pili, saa yoyote atachungulia bei ya soko. Ikishuka, mchuuzi aongeze fedha taslimu papo hapo, la sivyo samaki wanachukuliwa na kuuzwa kwa bei yoyote itakayopatikana.

Ile simu ya mkopeshaji, "bei imeshuka, ongeza hela", ndiyo inayoitwa margin call. Kwenye filamu husikii ikipigwa. Unachokitazama ni usiku mzima wa watu wanaojua kwamba itapigwa, na wanataka ikipigwa iwakute mezani hakuna samaki hata mmoja.

Angalia hesabu ya mchuuzi wetu. Bei ikishuka kwa asilimia 3, zile 30,000 zake zimekwisha. Hajaibiwa, samaki hawajaoza, na bado kibanda kimejaa, lakini yeye ameshafilisika. Uwiano huu sikuutunga ili kutia chumvi. Mwishoni mwa 2007, Lehman Brothers, benki ya uwekezaji ya New York, ilikuwa na mali yenye thamani ya takriban mara 30 ya mtaji wake. Ilipoomba kulindwa dhidi ya wadai Septemba 15, 2008, ilikuwa na mali ya dola bilioni 639 kwenye vitabu na madeni ya bilioni 613. Hadi leo hakuna kampuni ya Marekani iliyofilisika ikiwa na ukubwa huo.

Kwenye filamu Peter anawaambia mabosi kwamba mali hizi zikishuka kwa asilimia 25, hasara itazidi thamani ya kampuni nzima. Mtu akisikia hivyo anadhani ni lazima kila kitu kianguke kwa robo. Hapana. Ukiwa na 3 zako na 97 za kukopa, inatosha sehemu moja tu kati ya nane ya mzigo wako kushuka kwa robo, na mtaji wote umeliwa. Sehemu saba zilizobaki zinaweza kuwa nzima kabisa, zinang'aa, na hazitakusaidia chochote.

Sasa, samaki wenyewe ni nini?

Familia moja Florida inakopa kununua nyumba. Zamani benki iliyowakopesha ilikaa na deni lao miaka 30, kwa hiyo kabla ya kutoa hela ilikagua mshahara, kazi na tabia. Kuanzia miaka ya 1970 ukaanza mtindo wa kukusanya maelfu ya mikopo ya namna hiyo, kuifunga pamoja, na kuwauzia wawekezaji haki ya kupokea marejesho yake. Hiyo ni hatifungani ya mikopo ya nyumba. Aliyekopesha anapata hela yake mapema na kwenda kukopesha tena, na deni likishatoka mikononi mwake, hamu ya kumkagua mkopaji inapungua. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na watu wanaopewa nyumba bila kuulizwa hata karatasi ya mshahara.

Ujanja wa pili ni ghorofa. Fungu la mikopo linagawanywa kama jengo. Marejesho yakiingia, wa ghorofa ya juu wanalipwa kwanza, kisha wa chini yao, hivyo hivyo hadi chini. Mikopo ikianza kutolipwa, mafuriko yanaanzia ghorofa ya chini. Kwa hiyo mashirika ya kupima ubora wa mikopo, ambayo hulipwa na mwenye jengo, yalikuwa tayari kuwapa wa juu alama ya juu kabisa, AAA, sawasawa na hatifungani ya serikali ya Marekani ya wakati huo. Hadi hapo mantiki ipo.

Ujanja wa tatu ndio uliowamaliza. Ghorofa za kati hazikununulika kirahisi. Basi mabenki yakazichukua kutoka majengo mengi tofauti, yakazipanga upya kuwa jengo jipya, na ghorofa za juu za jengo hilo nazo zikapigwa muhuri wa AAA. Hoja ilikuwa kwamba mafuriko hayawezi kupiga Florida, Nevada na California kwa wakati mmoja. Bei za nyumba Marekani zilifika kileleni 2006, kisha zikaanza kushuka kote pamoja. Ghorofa zote za kati zilikuwa zimejengwa kwenye bonde moja, ila kila moja ilikuwa na anwani yake.

Waswahili tuna msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hapa hata muuzaji alikuwa hajafungua gunia kitambo.

Biashara ya benki ya kwenye filamu, kama Peter anavyoieleza mezani, ni kuyashona magunia haya: kuchanganya viwango mbalimbali vya ubora kwenye bidhaa moja na kuiuza. Kushona kunachukua muda, na kwa hiyo mzigo unakaa kwenye vitabu vya benki karibu mwezi mzima, muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kwa kuwa ni mikopo ya nyumba, kitu kinachohesabiwa salama, benki imeruhusiwa kukopa juu yake kuliko ambavyo ingeruhusiwa kwa mzigo mwingine. Ndiyo maana nimeleta samaki. Faida yote ya mchuuzi inategemea kumpitisha samaki haraka. Akimlaza kibandani, tena kwa hela ya kukopa, barafu inaanza kuyeyuka.

Na mbona hakuna aliyeona? Waliona, ila kupitia kipimo kilichowalaza usingizi. Kuanzia miaka ya 1990 mabenki yalizoea kupima hatari kwa tarakimu moja, njia ambayo JPMorgan iliieneza na kuitoa hadharani 1994. Tarakimu hiyo inasema hivi: katika siku 99 kati ya 100, hatutapoteza zaidi ya kiasi fulani. Bosi anaipenda kwa sababu inakaa kwenye mstari mmoja wa ripoti. Kuhusu siku ya 100 haisemi neno, na hizo siku 99 zimepimwa kutokana na historia ya karibuni. Historia ikiwa shwari, kipimo kinakuwa shwari. Nahodha aliyepima bahari wakati wa matlai tu hana habari na kusi.

Eric Dale alikuwa akijenga hesabu iliyouliza swali tofauti: itakuwaje tukitoka nje ya mipaka hiyo? Peter alipoingiza tarakimu zilizokuwa zinakosekana, akakuta hawahitaji kusubiri. Ndani ya wiki mbili zilizopita soko lilikuwa limeshaivuka mipaka mara kadhaa. Bei kwenye vitabu zilikuwa za watu ambao hawajaamka.

Napenda jinsi filamu inavyotuonyesha ni nani walioelewa. Peter ana shahada ya uzamivu ya mambo ya kurusha roketi. Alihamia benki kwa sababu namba ni namba, na huku zinalipa zaidi. Eric alikuwa mhandisi. Kuna pahali amekaa kwenye ngazi za nyumba yake, ameshafukuzwa, anamweleza mwenzake daraja alilowahi kujenga kati ya Ohio na West Virginia: watu 12,100 walilitumia kila siku, liliwapunguzia maili 35 kwa kila safari. Anaendelea kupiga hesabu kwa kichwa, maili, saa, siku, hadi anafikia miaka 1,531 ya maisha ambayo daraja lile limewaokolea watu wasiipotezee kwenye gari. Anaisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekumbuka namba ya simu ya zamani.

Upande wa pili wa meza kuna Tuld, ambaye anamwomba Peter amweleze kama anavyoelezwa mtoto mdogo, au mbwa. Watu hucheka hapo. Mimi naona ndiyo kauli ya kweli kuliko zote kwenye kikao kile, maana anakiri kwamba hakufika kwenye kiti chake kwa kuelewa magunia. Anajua kitu kimoja tu: kunusa. Anasema kwenye kazi hii unapona kwa kuwahi, kwa kuwa na akili kuliko wengine, au kwa kudanganya. Na kuwahi ndiko rahisi. Kisha anasema anausikilizia muziki na hausikii tena.

Muziki huo una asili yake. Julai 2007 Chuck Prince, mkuu wa Citigroup, aliliambia gazeti la Financial Times kwamba maadamu muziki unapigwa, huna budi kuinuka na kucheza. Novemba mwaka huohuo alijiuzulu, benki yake ikiwa imeelemewa na hasara za magunia. Jina la Tuld nalo wengi wamelihusisha na Richard Fuld wa Lehman na John Thain wa Merrill Lynch. Lakini kitendo chenyewe, cha kuuza kabla wengine hawajanusa, hakifanani na Lehman, iliyobaki na mzigo wake hadi kifo. Kinafanana zaidi na cha Goldman Sachs, benki nyingine ya Wall Street. Desemba 2006, baada ya dawati lao la mikopo ya nyumba kupata hasara siku kadhaa mfululizo, mkuu wa fedha David Viniar aliitisha kikao, na uamuzi ukawa kupunguza mzigo. Goldman walichukua miezi. Filamu imeibana ile miezi ikawa asubuhi moja, na kwa hilo siilaumu.

Atakayeona kasi ya filamu imetiwa chumvi aiangalie Bear Stearns, nayo benki ya uwekezaji ya New York. Jumatatu ya Machi 10, 2008 ilikuwa na fedha za haraka dola bilioni 18 hivi. Alhamisi usiku zilikuwa zimebaki bilioni 2, kwa sababu wakopeshaji wa siku moja, wale wa kukaa kila jioni na kuamua upya, waliamua hapana. Jumapili ikauzwa kwa JPMorgan kwa dola 2 kwa hisa, bei iliyopandishwa baadaye kuwa 10. Hisa hiyohiyo mwanzoni mwa 2007 ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 160.

Basi turudi kwa shemeji. Wameuza mali yao. Kosa liko wapi?

Tuld ana jibu lake: anauza kwa wanunuzi walio tayari, kwa bei ya soko ya siku ile. Na kisheria anasimama pazuri kuliko tunavyopenda. Wanunuzi wake si wajane na wastaafu mmojammoja. Ni mabenki mengine na mifuko ya uwekezaji, watu wazima wenye wahandisi wao wa roketi. Sheria inakataza kumdanganya mnunuzi. Kunyamaza kuhusu maoni yako ya kesho bei itakuwaje ni jambo jingine, na mpaka kati ya hayo mawili umewalisha mawakili wengi. Goldman walipelekwa mahakamani Aprili 2010 na mamlaka ya masoko ya Marekani kuhusu bidhaa moja iliyoitwa Abacus. Shtaka halikuwa kwamba waliuza kitu kibovu. Lilikuwa kwamba hawakuwaeleza wanunuzi kuwa mfuko uliosaidia kuchagua mikopo ya kuwekwa ndani ulikuwa umeweka dau ianguke. Julai mwaka ule walilipa dola milioni 550 kumaliza kesi. Hawakukiri kosa wala kulikana, ila walikubali kwamba maelezo waliyowapa wanunuzi hayakukamilika.

Hoja nzito zaidi inatoka kwa Sam Rogers, mkuu wa sakafu ya mauzo, anayeigizwa na Kevin Spacey. Yeye hazungumzii mahakama. Ameuza miaka 34, na anajua kwamba kazi ya dalali ni kupokewa simu. Mteja ananunua kwa sababu jana ulimuuzia kitu cha kweli. Ukimtupia takataka leo, hatapokea simu yako milele, na kwenye biashara hii hiyo milele ni ya kweli. Kwa hiyo asubuhi ile benki haiuzi magunia peke yake. Inauza na majina ya vijana wake, kila mmoja na urafiki wake wa miaka na watu wa upande wa pili wa simu.

Ndiyo maana bonasi ni ya ajabu. Kila muuzaji ataondoka na dola milioni 1.4 akimaliza asilimia 93 ya mzigo wake, na milioni 1.3 zaidi sakafu nzima ikifikia kiwango hicho. Nilipoiangalia mara ya kwanza niliona ni tamaa ya kawaida ya Wall Street. Mara ya pili nikaelewa kwamba ni kiinua mgongo. Wanalipwa thamani ya kazi ambayo wanaichoma kwa mikono yao kabla ya saa ya chakula cha mchana. Tazama simu za Will Emerson, bosi wa wauzaji chini ya Sam, asubuhi ile: zinaanza kwa utani na kuulizana hali, na kadiri saa zinavyokwenda bei inashuka, utani unaisha, na upande wa pili unaanza kuuliza maswali. Mwishoni ni tarakimu tupu.

Wanunuzi walikuwa wajinga? Si hivyo. Kwenye soko la namna hii kila mtu ananunua kitu kwa sababu anaamini kuna wa kumuuzia kesho. Alipatwa aliyelala.

Mawimbi yake yalifika mbali, na yalitufikia. Bei ya pamba kwenye soko la dunia ilianguka mwishoni mwa 2008. Wanunuzi wa Kanda ya Ziwa walikuwa wameshawalipa wakulima bei ya juu kwa mikopo ya benki, na sasa pamba iliyo ghalani haikuweza kulipa deni lililoinunua. Hesabu ni ileile ya mchuuzi wa Feri. Juni 2009, Dodoma, Rais Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wa karibu shilingi trilioni 1.7, na fidia kwa hasara za wanunuzi hao ilikuwa ndani yake. Nina hakika hakuna hata mmoja wao Shinyanga aliyewahi kuona gunia la mikopo ya nyumba za Nevada.

Nina lawama moja kwa filamu, na sina hakika kama ni lawama au sifa: aliye nje ya jengo hayupo. Hatumwoni mwenye nyumba hata mmoja. Kilio tunachokisikia ni cha Seth, kijana aliyetumia usiku kucha akiuliza nani analipwa kiasi gani, akilia chooni kwa kuwa atafukuzwa, huku bosi mmoja akinyoa ndevu pembeni yake. Na cha Sam, anayelilia mbwa wake mgonjwa. Anamchimbia kaburi usiku kwenye ua wa nyumba ambayo si yake tena.

Ila kuna sekunde chache kwenye lifti. Sarah Robertson na Jared Cohen, wakubwa wawili waliojua hatari hii mapema, wanashuka wakinong'ona kuhusu nani atabebeshwa msalaba. Katikati yao amesimama mama wa usafi na toroli lake. Anaangalia mbele. Wanazungumza juu ya kichwa chake kana kwamba lifti ni yao wawili, naye haambiwi samahani wala habari za saa hizi. Shemeji aliniomba nirudishe nyuma nimwonyeshe tena kipande hicho. Akakitazama, akauliza kama yule mama naye amekopa nyumba.

Filamu haisemi. Mlango wa lifti ulifunguka, wakatoka.